Spana Iliyokataa Kuzimika

Phelister wa Kaloleni alikuwa na gari, na gari lilikuwa na mume wake. Hivyo ndivyo majirani walivyolieleza jambo hilo, na hawakukosea sana. Binti yake Celine, aliyekuwa muuguzi ng'ambo, ndiye aliyelinunua, akasema kwa simu, kila mtu akisikia, "Hili ni la Mummy, apelekwe kanisani." Lakini siku lilipoletwa mlangoni, dogo, la rangi ya maziwa, likitoka Japani na harufu ya meli ingali kwenye viti, aliyetia ufunguo mfukoni alikuwa mzee Ondiek. Phelister aliwekewa mkononi kitambaa cha kupangusia vumbi.

Anayetaka kumjua Phelister na aanze na miguu yake. Aliletwa Kaloleni, Nairobi, akiwa mke mchanga, wakati nyumba zile bado zina ua wa michongoma uliokatwa ukanyooka, na mtu wa kanju, yaani askari wa baraza la jiji, akiona ganda la ndizi mlangoni pako anakuita kwa jina la baba yako. Alikuwa amemaliza darasa la saba, lile la zamani, ambalo mtoto akitoka aliweza kuandika barua ya kuomba kazi na barua ya kumkataa mchumba, zote kwa mwandiko mmoja mzuri. Akanunua cherehani, akaiweka barazani, akashona sare za shule. Vitambaa alivifuata soko la Gikomba kwa miguu, akarudi kupitia Majengo na mzigo kichwani, jua na mvua. Nusu ya watoto wa Kaloleni walisoma wakiwa ndani ya kaptura zake. Baadhi yao leo ni wakubwa serikalini, na ukiwaona kwenye televisheni utagundua suruali zao hazikai vizuri kama zile.

Mume naye alikuwa dereva wa garimoshi. Si gadi, si mchochea moto, dereva. Alilipeleka Kisumu na kulirudisha mpaka alipostaafu, na hakuna mtu Kaloleni ambaye hakuambiwa hivyo angalau mara moja kwa wiki. Walipokuwa wakienda nyumbani likizo, yeye alikuwa mbele kabisa kwenye injini, na Phelister alikuwa nyuma kabisa, daraja la tatu, amebanwa kati ya vikapu na kuku wa watu, Celine magotini. Treni ikisimama Nakuru, Ondiek alishuka kunyoosha miguu, akapita chini ya dirisha la mkewe, akamwinamishia kichwa kidogo kama anavyomwinamishia abiria yeyote. Alimjua, lakini alikuwa kazini.

"Ningeomba siku moja nikae nawe huko mbele," Phelister alimwambia wakati ule.

"Abiria haingii kwenye injini," mume akamjibu. "Hata Rais haingii."

Kwa hiyo gari la Celine lilipokuja, Ondiek alifungua mlango wa nyuma, akasimama wima, akangoja mkewe apande. Kiti cha mbele, pale kando ya dereva, kilikaliwa na kofia yake ya reli na thamosi ya chai. Phelister akaenda kanisani akitazama kisogo cha mume wake, kama alivyofanya maisha yake yote, tofauti ikiwa tu kwamba safari hii kisogo kilikuwa karibu.

Hata hivyo hakulalamika. Alikuwa na jambo kubwa zaidi. Kina mama wa kanisa lao la Jericho walikuwa wamemchagua mwenyekiti wao, na Jumapili moja ilikuwa imetengwa askofu aje mwenyewe kumsimika. Alikuwa amemshinda Waruguru kwa kura chache. Waruguru aliuza viazi kwenye soko la Jericho, akaviuza vizuri mpaka akanunua pikapu, na pikapu hiyo aliiendesha mwenyewe, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukimtikisia kidole yeyote aliyempita vibaya. Kila Jumapili aliingia nayo uani mwa kanisa kwa kishindo. Phelister alitaka siku ya kusimikwa naye ashuke kwenye gari lake mbele ya watu. Hakutaka hivyo kwa majivuno. Au tuseme kwa majivuno kidogo, yale ambayo hata Mungu huyafumbia jicho kwa mama aliyetembea sana.

Basi wakati siku ile inakaribia, ndipo spana ikawaka.

Walikuwa Barabara ya Jogoo, wakirudi kutoka mazishi. Kialama cha rangi ya chungwa, chenye umbo la spana, kikatokea mbele ya Ondiek kwenye dashibodi. Ondiek akasimamisha gari. Hakulipeleka kando, alilisimamisha palepale lilipokuwa, katikati ya barabara. Nyuma yake honi zikaanza, na baada ya honi yakaja matusi, mengine kwa Kiswahili, mengine kwa Sheng, mengine kwa lugha za nyumbani ambazo watu huzitunza kwa siku kama hiyo.

"Baba Celine, sogea basi," Phelister akasema kutoka nyuma.

"Ishara imekataa."

"Hiyo si nyekundu. Ni ya chungwa."

"Ya chungwa," Ondiek akasema, "ni nyekundu yenye adabu."

Vijana waliokuwa wanauza maji barabarani ndio waliolisukuma mpaka Kaloleni, Ondiek akishika usukani kwa heshima zote, Phelister akiwa ndani, nyuma, amejifunika uso kwa mtandio.

Kesho yake akaitwa fundi Gitonga, mwenye gereji ya wazi karibu na Jericho, yaani ukuta, kivuli cha kipande cha bati, na ubao ulioandikwa neno gereji. Gitonga akaitazama spana, akacheka.

"Mzee, hii ni oili tu. Gari inakuambia oili imezeeka. Tunamwaga, tunaweka ingine, na filta mpya, unarudi barabarani."

Akamwaga, akaweka nyingine, na filta mpya. Ondiek alikuwa amesimama juu yake muda wote, mikono nyuma, akihesabu kila nati inayofunguliwa. Kazi ilipokwisha akaingia, akawasha. Spana ikawaka vilevile.

"Bado haijaridhika," Ondiek akasema.

Hapa inafaa kusema jambo moja juu ya Gitonga. Alikuwa mtu mzuri, mwenye familia, na alikuwa na imani moja kubwa: kazi ambayo mwenye gari hajaikataa ni kazi. Akakuna kichwa, akasema pengine gari limezoea oili ya Kijapani, ile nyepesi. Akamwaga ile mpya, akaweka nyepesi. Spana ikawaka. Wiki iliyofuata akasema pengine ile nyepesi ni nyepesi mno kwa joto la Nairobi. Akamwaga tena.

Oili iliyomwagwa ilikuwa safi, bado ina rangi ya asali, na Phelister hakuzaliwa kutupa kitu. Akaigawa. Majirani wakaja na vikopo, wakapaka bawaba za milango, magurudumu ya mikokoteni, cherehani, minyororo ya baiskeli. Kaloleni ikanyamaza. Milango iliyokuwa ikilia tangu enzi za wakoloni ikaacha kulia, na wanawake wakaanza kulalamika kwamba sasa hawajui tena waume zao wameingia saa ngapi. Mama mmoja alimwomba Phelister kwa upole, kama si uzito, Ondiek apumzike kidogo kubadilisha oili, maana nyumba yake inavunjika.

Mara ya mwisho Gitonga alipoona spana bado imekodoa jicho, alitoa mfukoni utepe mweusi wa umeme, akakata kipande kidogo, akakibandika juu ya ile taa.

"Imeisha, mzee. Gari iko sawa kama mpya."

Ondiek akakibandua kile kipande kwa kucha, polepole, akamrudishia mkononi.

"Wewe ulitaka kufunika ishara," akasema.

"Mzee wangu, ni taa tu. Hao Wajapani wako mbali, hawajui kama umebadilisha oili. Inafaa iambiwe. Kuna mahali inafinywa, inasahau, inaanza kuhesabu upya. Wacha nitafute hapo."

"Toa mkono." Ondiek akamwondolea mkono kwenye dashibodi. "Fundi aliyetengeneza hawezi kujipa ishara mwenyewe kwamba ametengeneza. Utajipa alama wewe mwenyewe?"

"Basi finya wewe. Gari ni yako."

"Mimi ni dereva. Dereva hagusi ishara. Dereva akianza kujifungulia njia mwenyewe, huyo si dereva, ni ajali inayovaa kofia."

Gitonga akamgeukia Phelister aliyekuwa barazani na cherehani yake. "Mathee, nisaidie."

"Mimi ni abiria," Phelister akamwambia, bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Abiria anajua nini?"

Lakini ndani alikuwa anaungua. Jumapili ya askofu ilikuwa mlangoni, na gari lilikuwa limeegeshwa chini ya dirisha likiwa na oili mpya kuliko gari lolote Eastlands, na halikuwa linakwenda popote. Celine alipopiga simu, baba yake akamweleza sheria za reli kutoka mwanzo. Celine akasikiliza, kisha akasema, "Mummy, chukua teksi," akasema ana mgonjwa, akakata.

Teksi. Phelister alikaa na neno hilo. Kufika kwenye kusimikwa kwake kwa gari la mtu asiyemjua, wakati lake mwenyewe limekaa nyumbani likingoja ruhusa. Waruguru angekuwa amesimama mlangoni mwa kanisa na ile pikapu nyuma yake. Asingesema kitu. Angesalimia tu, tena kwa upole, na huo upole ndio ungeua.

Jumamosi asubuhi akavaa viatu vya kutembelea, akaenda sokoni Jericho.

Waruguru alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi kama mtu aliye kwenye kiti cha mbele bungeni. Alimwona Phelister tangu mbali na hakusimama.

"Mama Celine. Mwenyekiti. Leo umekuja kununua viazi ama umekuja kuangalia walioshindwa wanaishi aje?"

"Nimekuja kukusalimia, Mama Shirleen."

"Umenisalimia. Sasa sema lililokuleta, maana viazi vinauzwa."

Phelister akasogea karibu na gunia. "Pikapu yako. Ile taa ya oili, yenye kama spana. Ikiwaka, wewe huizima vipi?"

Waruguru akamtazama. Kisha kicheko kikaanza kwenye tumbo lake, kikapanda kwenye mabega, mpaka gunia likatikisika chini yake.

"Kwa hivyo ni hiyo. Nilisikia Kaloleni milango hailii tena nikadhani ni maombi." Akajipangusa macho. "Ulinishinda kura, na sasa unataka nikuzimie na taa."

"Sitaki unizimie. Nataka unifundishe."

"Nikikufundisha nitapata nini?"

"Baraka."

"Baraka ninazo. Nataka kamati ya chai."

Kwa wasiojua mambo ya kanisa, kamati ya chai ndiyo kamati peke yake ambayo wanachama wote huhudhuria. Kamati ya maombi hukutana watu wawili na mmoja hulala. Mwenye kamati ya chai ndiye anayeamua nani amepewa mandazi na nani ameambiwa yamekwisha. Phelister alikuwa ameiahidi kwa rafiki yake mmoja mpole, asiyeweza kumnyima mtu kitu.

"Chukua," akasema.

Waruguru akaruka kutoka kwenye gunia kama msichana. Akampeleka kwenye pikapu, akafungua mlango wa mbele. Phelister akaelekea wa nyuma kwa mazoea, akakuta pikapu haina mlango wa nyuma, ikabidi akae mbele. Alishangaa jinsi dunia ilivyo pana kutoka pale.

"Lile lako ni ndugu ya hili langu, mama mmoja," Waruguru akasema. "Angalia. Gari limezimwa kabisa. Kidole chako hapa, kwenye hiki kichomozi cha dashibodi kinachobadilisha hesabu ya maili. Kifinye. Usikiachilie. Ukiwa umekifinya, mwingine azungushe ufunguo, lakini asipige stata. Taa tu ziwake. Spana itaanza kucheza, inawaka inazima, kama inakutania. Wewe usiogope, finya tu. Ikichoka inapotea. Hapo gari limeambiwa oili ni mpya."

"Na kama hatujabadilisha oili kweli?"

"Itapotea vilevile. Gari linaamini chochote." Waruguru akafunga mlango. "Ndiyo maana wengi wanafinya tu na hawabadilishi. Wewe yako imebadilishwa ya kutosha mpaka mwisho wa dunia."

Jumapili asubuhi Phelister alivaa sare ya kina mama, gauni la bluu lililopigwa pasi likasimama lenyewe, na kitambaa cheupe kichwani. Akatoka nje. Ondiek alikuwa ameketi barazani na kofia yake, akiwa amevaa suti, akilitazama gari kwa huzuni ya mtu aliyetii sheria.

"Teksi inakuja saa ngapi?" akauliza.

"Hakuna teksi. Baba Celine, hebu niambie. Zamani pale stesheni ya Makadara, nani alikuwa anakufungulia ishara?"

"Mtu wa ishara. Alikuwa kwenye kibanda chake."

"Hakuwa dereva."

"Ndiyo hiyo nasema."

"Wala hakuwa fundi."

"Fundi angejua nini? Fundi anajua chuma, hajui njia."

"Kazi yake ilikuwa nini hasa, huyu mtu wa kibandani?"

Ondiek alipenda maswali ya namna hii, na siku hizi hayakumjia mara nyingi. Akanyoosha mgongo. "Anakaa mahali pamoja. Haondoki. Anaangalia njia. Anajua nani ametoka, nani ameingia, nani alisema anarudi na hajarudi. Halali. Watu wanapita mbele yake hawamwoni, lakini yeye anawaona wote. Bila yeye hakuna kitu kinachokwenda."

Phelister akaweka mkono wake juu ya cherehani, pale ilipokuwa imekaa barazani miaka yote hiyo, ikitazama njia.

"Na mimi hapa," akasema, "umeniona nikifanya nini?"

Ondiek akaitazama cherehani, akaitazama njia inayopita mbele ya nyumba mpaka kwenye ukumbi wa mtaa, akayatazama madirisha ya majirani, ambayo yote, kwa sababu ya ile oili, yalikuwa yamefunguka kimyakimya. Akatafuta sheria. Alikuwa anazijua zote, na alizipitia moja moja usoni pake, mkewe akimwona. Hapakuwa na hata moja iliyosema mtu wa ishara hawezi kuwa mwanamke aliyevaa bluu.

"Leta ufunguo twende," Phelister akasema.

Akafungua mlango wa mbele. Akaitoa thamosi. Akaitoa kofia ya akiba, maana Ondiek alikuwa na mbili. Akaziweka kiti cha nyuma, akazifunga mkanda wa usalama kama abiria wawili wema. Kisha akakaa.

"Huko ni—"

"Ni kibandani. Taa iko wapi, huko nyuma ama hapa mbele?"

Ondiek akaingia upande wake. Phelister akaupitisha mkono katikati ya usukani, bega lake likamsukuma mume kifuani, kitambaa chake cheupe kikamwingia machoni. Akakipata kile kichomozi, akakifinya.

"Zungusha ufunguo. Pole pole. Usipige stata."

Ondiek akapiga stata. Injini ikanguruma, spana ikawaka kwa dharau.

"Nimesema usipige stata."

"Mkono wangu umezoea."

"Mkono wako ungoje kuambiwa. Zima."

Dirishani mwa nyumba ya pili mtu akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Ondiek akazima. Phelister akafinya tena, kidole chake cha mshonaji, kilichosukuma sindano kwenye khaki ya sare maisha mazima, kikasimama pale kama msumari.

"Sasa. Taa tu."

Taa zikawaka. Spana ikawaka nayo, halafu ikaanza kucheza, ikazima, ikawaka, ikazima. "Inaonya," Ondiek akanong'ona. "Achia, Mama Celine, inaonya."

"Inatania. Nyamaza."

Ikacheza tena, ikapunguza, ikapotea. Mahali pake pakabaki peusi, safi, kama pasipowahi kuwa na kitu.

Sauti ya Ondiek ilikuwa ile ya zamani, ya dirisha la injini. "Ishara imetolewa?"

"Imetolewa."

"Na nani?"

"Na Phelister."

Akakubali kwa kichwa. Akawasha injini. Kisha akakumbuka. "Sasa unaweza kurudi nyuma, tuondoke."

"Mtu wa ishara anaacha kibanda chake gari likiwa njiani?"

Ondiek akaliingiza gari gia, wakaondoka.

Kutoka Kaloleni mpaka Jericho si mbali, lakini Ondiek aliendesha kama mtu aliye na mabehewa nyuma yake. Kila kona aliingojea. Phelister hakumharakisha. Aliona maduka yakija kumpokea badala ya kumkimbia, akaona watu wakiangalia kwanza uso wake ndipo waangalie gari, na pale kwenye kona ya soko alishusha kidogo kioo ili mtu yeyote aliyekuwa na haja ya kumsalimia asisumbuke. Kwa bahati mbaya ilikuwa Jumapili asubuhi na sokoni hapakuwa na watu ila mbuzi mmoja.

Kanisani nako uani palikuwa patupu. Kina mama wote walikuwa ndani wakijaribu wimbo wa kumpokea askofu. Hakuna aliyemwona Phelister akifika kwa gari, mbele, kama alivyokusudia, isipokuwa Masinde, mlinzi, aliyekuja mbio akipunga rungu.

"Mzee, hapo hapana. Hapo pa askofu. Rudi nyuma kidogo, uweke kule kwa mti."

Ondiek akatazama kwenye kioo. "Nyuma kuna nani?"

"Nyuma hakuna mtu."

"Ndiyo shida. Hairudi nyuma bila gadi. Gadi anasimama nyuma, anaona njia, ananiashiria."

Masinde akamtazama, akamtazama Phelister. "Mama, huyu mzee anasema nini?"

"Anasema kweli," Phelister akajibu. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akarekebisha kitambaa kichwani. Akaenda nyuma ya gari, kwenye vumbi, na gauni lake la bluu, akainua mkono. "Njoo. Njoo. Pole pole. Njoo."

Gari likaanza kurudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayefikiri. Ndipo milango ya kanisa ikafunguliwa na kina mama wakatoka kwa mistari miwili, wakiimba, kumlaki askofu, na wa kwanza kabisa mbele yao, na kitabu cha nyimbo mkononi, alikuwa Waruguru.

Wimbo ukafifia. Wote walimwona mwenyekiti wao mpya, mkono juu, akiliita gari.

"Mama Celine," Waruguru akasema, na macho yalikuwa yanacheka hata kama mdomo haukucheka, "siku hizi mwenyekiti ndiye anaelekeza magari?"

Phelister hakushusha mkono. "Hili ni langu," akasema. "Halitembei nisiposema."

Wale mama wakatazamana. Mmoja, ambaye mumewe alimkataza hata kufungua redio ya gari, akasema polepole, "Ati halitembei?"

"Muulizeni mwenyewe."

Kutoka dirishani Ondiek akatoa kichwa. Gari lilikuwa limekaa upande upande, nusu kwenye nafasi ya askofu, nusu njiani. "Gadi," akauliza kwa sauti ya kazi, "niendelee?"

Kina mama arobaini wakamgeukia Phelister.

"Ngoja," Phelister akasema, na akaufunga mkono.

Ondiek akazima injini. Palepale gari la askofu likafika langoni, likakuta njia imezibwa, likapiga honi mara moja, ya adabu. Masinde akamwendea Ondiek, akamsihi, akamtishia, akamwambia ni askofu. Ondiek akamwambia hata Rais. Mwishowe askofu akashuka akaingia kwa miguu, kanzu ikiburura vumbi, na Phelister akampokea kwa goti, akajiunga na mstari, akaingia kanisani na wimbo.

Akasimikwa. Alivishwa beji, akaombewa, akapigiwa vigelegele vilivyofika barabarani, na mume wake aliyasikia yote vizuri kutoka kwenye gari, maana alikuwa amefungua vioo. Waruguru akatangazwa mwenye kamati ya chai, na mandazi yakawekewa ulinzi ambao kanisa lile halijapata kuuona. Watu walipouliza mzee Ondiek yuko wapi, waliambiwa yuko kazini.

Wengine husema Phelister alimsahau kule nje. Wanaosema hivyo hawamjui. Mama huyu anakumbuka kitambaa cha kila kaptura aliyoshona na jina la kila mtoto aliyeipasua. Alikunywa chai yake yote, akaongezewa, akasalimiana na waliokaa mbali, kisha akatoka uani na kikombe kingine kilichofunikwa kwa sahani. Akampa mume wake dirishani. Ondiek akanywa, akamrudishia, akashika usukani kwa mikono miwili.

Phelister akazunguka mpaka nyuma ya gari, beji ikimetameta kifuani, akainua mkono.

"Haya," akasema. "Njoo."